Kwa Yonasi Tunacheza kwa Saa za Zambia

Tunduma,
Februari 11, 2024

Kaka Lwitiko,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo kwa sababu Baba alitulea hivyo, usije ukadhani nimefurahi.

Sisi huku hatujambo. Mvua ni nyingi na watu wa Mbozi wanasema mahindi yatakuwa mazuri mwaka huu. Mguu wangu wa kushoto unauma nikipanda ngazi na hauumi nikicheza, kwa hiyo nimeacha kupanda ngazi. Erica wangu amepata kazi ya kufundisha Mkwajuni, kule kwenye machimbo. Anasema darasa zima linawaza dhahabu, anayewaza shule ni yeye peke yake. Msalimie wifi Felista, mwambie kile kitenge nimeshashona, ingawa fundi aliniibia kipande kinachotosha gauni la mtoto.

Barua hii anakuletea Clement, yule dereva wa lori anayekula kwangu kila akikwama kwenye foleni ya mpakani. Nimemwambia asirudi bila jibu. Akirudi mikono mitupu atakula kwa wengine, na anavijua vyakula vya wengine. Simu imenishinda kaka. Kila nikitaja ukumbi, mtandao wako unakufa. Ndola mji mzima ule una minara, lakini nikisema "ukumbi" minara yote inalala. Na ujumbe wa simu ni mfupi kuliko hasira zangu.

Sasa sikiliza. Juzi Sebastian, yule mwenye maghala ya mbolea, kaingia ukumbini na futi ya kupimia. Mimi hakunisalimia, alisalimia kuta. Akapima jukwaa, akapima mlango, akagongagonga sakafu kwa kisigino kama anayenunua nazi. Kisha ndiyo akaniambia, "Mama Erica, kaka yako ameshakubali. Imebaki sahihi yako tu." Anataka kung'oa jukwaa, kumwaga zege na kupanga mifuko yake humo mpaka darini.

Nakukumbusha, maana inaonekana maji ya Zambia yanasahaulisha. Ukumbi ule Baba aliuota London. Alipokuwa askari walipelekwa kule kwa gwaride baada ya Vita Kuu ya Pili, na jioni moja bwana mkubwa wao akawapeleka kwenye jumba la muziki la tangu enzi za Malkia Viktoria, lenye roshani na mapazia mekundu, na wanaume waliojipaka unga usoni wakiimba nyimbo za kipuuzi. Askari wenzake walikuja wakisimulia mizinga. Yeye Yonasi alikuja akisimulia pazia. Ikamchukua miaka zaidi ya ishirini kujenga la kwake hapa, mwaka sitini na nane, watu wa bomba la mafuta na wa barabara walipojaa mjini na hawana pa kwenda Jumamosi. Hakuwa na dhahabu ya kupamba, akapaka rangi ya njano. Roshani yake ilibeba watu wanane kwa raha na watu tisa kwa maombi. Sakafu akaifanya ya mninga, na kwa kuwa hakuwa na springi alizoziona huko Ulaya, akailaza juu ya matairi ya malori. Ndiyo maana mpaka leo inarusha. Kuna watu wametoka Mbala na Msangano kuja kurushwa.

Sasa unataka irushe mbolea? Hati ina majina yetu wawili na jina langu haliendi popote. Nijibu kwa kalamu yako.

Tarumbeta lako bado linaning'inia pale nyuma ya jukwaa. Nalifuta vumbi. Sijui kwa nini.

Mdogo wako,
Ikupa

*

Ndola,
Machi 20, 2024

Mdogo wangu Ikupa,

Marahaba. Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Sisi hatujambo isipokuwa joto. Felista ana magoti yake, mimi nina Felista. Clement ameketi sebuleni kwetu tangu asubuhi akinitazama kama karani wa mahakama, na nshima, ugali wa huku, ameimaliza yote. Felista anasema safari ijayo aje na mchele wa Kyela.

Pole kwa mguu. Nimefurahi habari za Erica.

Kuhusu ukumbi, ni kweli. Nimezungumza na Sebastian na nimeona ni mtu mwelewa. Ikupa, tuangalie mambo kama watu wazima. Paa linavuja. Ile bendi imebaki na watu watatu, na mmoja wao ni Ambwene, ambaye tangu ujana anapiga ngoma kama mtu anayepandisha mlima na mzigo. Wewe una miaka sitini na mbili, unauza soda na kufagia. Baba aliufurahia ukumbi wake, akamaliza, akaenda. Jengo si mtoto wake wa tatu.

Mimi ni mzee wa kanisa sasa. Mambo ya tarumbeta niliyaacha nilipookoka, na unajua hivyo. Hata kwaya ya hapa nimeiacha. Vijana wa siku hizi wanapiga kelele tu, hawaimbi. Hilo tarumbeta mpe mtu anayelitaka.

Simu ni kweli mtandao unasumbua. Uniandikie tu.

Kaka yako,
Lwitiko

*

Tunduma,
Mei 5, 2024

Kaka Lwitiko,

Shikamoo. Barua yako imefika Aprili inaisha. Clement alikwama Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, mpaka akaota ndevu, na alipofika kwangu alikula kwanza ndipo akakumbuka mfukoni ana nini. Mchele huu hapa, wifi apokee.

Huku wazima, ila kuku wangu wamekufa wote kwa kideri. Nilikupigia nikakuambia. Nilisema, "Kaka, kuku wamekwisha wote." Wewe ukajibu, "Bwana asifiwe." Nikasema labda ni wokovu, maana wokovu una vyumba vingi. Nikakuambia Erica amethibitishwa kazini, ukasema, "Pole sana, ni mipango ya Mungu," kisha mtandao ukafa. Kaka, mimi nimekuudhi kwa lipi hasa? Zamani ulikuwa unanitukana vizuri, kwa kunisikiliza kwanza.

Unasema tarumbeta uliliacha kwa sababu ya wokovu. Hata kwenye Biblia yako mna matarumbeta, tena yalibomoa ukuta wa Yeriko. Lako lilikuwa linabomoa nini, zaidi ya ndoa mbili tatu za watu wa forodha?

Haya, habari za ukumbi. Kumbe Sebastian si balaa peke yake. Amekuja kijana mmoja anayeshughulika na majengo ya kale, amevaa miwani mizuri, anaongea kwa upole mpaka unataka kumpa uji. Kaupenda ukumbi. Alilia kidogo alipoona roshani, nami nikampenda hapohapo. Kisha akasema anataka uhifadhiwe. Nikamwambia Mungu akubariki mwanangu. Akasema tutazungushia sakafu kamba ili watu waitazame bila kuikanyaga, pazia litiwe ndani ya kioo, na muziki uwekwe kwenye kijispika karibu na mlango, sauti ya chini.

Nikamuuliza, "Na watu watacheza wapi?"

Akasema, "Hawatacheza, mama. Mtikisiko unaharibu mbao."

Nimecheka mpaka nikakaa. Sakafu iliyotengenezwa irushe watu, anataka ipumzike. Nikamwambia mbao zile zina miaka hamsini na kitu, na kitakachoziua ni unyevu na mchwa, si viatu vya Jumamosi. Zikikaa bila kuchezewa mwaka mmoja zitapinda. Baba ndivyo alivyosema: zikanyagwe, zipigwe nta, zikanyagwe tena. Kijana akaandika. Kamba yake aliiacha, nimefungia mbuzi.

Kwa hiyo mmoja anataka kuuzika na mwingine anataka kuukausha. Mimi nataka uendelee kufanya kazi, basi. Jumamosi iliyopita ukumbi ulikuwa na kipaimara mchana na dansi jioni. Kibali kinaishia saa sita usiku, lakini unajua saa ya ukutani. Baba aliitegesha kwa saa za Zambia siku ya kwanza kabisa na sijaigusa, kwa hiyo saa sita ya Tanzania ikifika, kwa Yonasi ni saa tano, na watu wana saa nzima ya kucheza ambayo haimo Tanzania. Askari mpya alikuja kuuliza. Nikamwonyesha saa ukutani. Akaitazama, akaitazama yake, akaomba kucheza.

Hicho ndicho kitu unachotaka kuuza kaka. Nisaidie kuelewa, maana mimi nalia, na sipendi kulia kwa sababu ya mtu mwenye afya yake.

Ikupa

*

Ndola,
Mei 29, 2024

Ikupa,

Marahaba. Tumepokea mchele, Felista anashukuru. Pole kwa kuku. Sikujua.

Hatutamalizana kwa barua. Nitakuja. Nitafika Ijumaa tarehe 21 Juni na Jumamosi asubuhi, saa nne, tukutane ukumbini mimi na wewe na Sebastian na wakili wake. Sebastian nimeshamtumia ujumbe. Ukikataa kusaini utakataa mbele yetu sote, mimi nitasaini upande wangu na kurudi kwa basi la mchana.

Naomba mambo mawili. Usinibembeleze. Na bendi isiwepo. Sitaki muziki siku hiyo. Nakuomba kama kaka yako.

Lwitiko

*

Tunduma,
Julai 2, 2024

Kaka yangu Lwitiko,

Shikamoo. Huku wazima. Mguu ni uleule. Erica anakusalimu.

Nakuandikia mambo yaliyotokea siku ile, ingawa ulikuwepo. Nakuandikia kwa sababu sasa najua nusu yake hukuisikia.

Ijumaa ulipofika nilidhani umekuja na kiburi kipya. Nilikupokea mzigo, nikakuuliza safari ilikuwaje, ukasema, "Nimeshakula." Tukanywa chai tumetazamana kama watu wawili waliopanga kwenye nyumba moja. Nikaenda kulala na hasira zangu.

Asubuhi ukafika ukumbini saa nne kamili, umevaa suti na vile viatu vyeusi vipya. Bendi nilishindwa kuiondoa kaka, hilo nakuomba radhi. Binti wa Irene, yule rafiki yetu wa tangu ujana, alikuwa anaolewa jioni ile, ukumbi ulishalipiwa kabla barua yako haijafika, na Ambwene alikuja mapema kufunga ngoma zake. Nilidhani Sebastian atakuja, tutagombana, atakwenda, wao wafanye mazoezi baadaye. Sebastian hakuja. Saa nne ikapita. Ukakaa kwenye kiti pembeni ya jukwaa ukitazama mlango, na Ambwene akachoka kusubiri, akaanza.

Sasa haya ndiyo usiyoyajua. Irene alikuja nyuma yako. Akasema, "Lwitiko, umenenepa kama askofu." Hukugeuka. Akasema tena, karibu zaidi, hukugeuka. Akanitazama mimi, akasimama kando ya sikio lako la kulia na kuimba ule wimbo wako, ule uliokuwa ukiingia na tarumbeta katikati yake na wanawake wote wanasahau waume zao. Aliuimba kwa nguvu zake zote na yule mama si mtu wa kuimba kwa siri. Wewe ulikuwa unajikuna goti.

Hapo nikajua. Kuku, Erica, minara ya Ndola, kwaya inayopiga kelele, vyote viliniingia kwa pamoja na nikajishika kwenye nguzo. Nilitaka kuja kukukumbatia na nilitaka kukupiga kwa ufagio. Kaka, kwa nini hukuniambia?

Kisha ukavua viatu. Nadhani vilikubana, maana miguu yako ilikuwa imevimba kwa basi. Ukaweka soksi zako kwenye mbao na nikaona uso wako unabadilika. Ukatazama chini. Ukavua na soksi. Ukasogeza kiti mbele, miguu yote miwili sakafuni, mikono magotini, na ukakaa hivyo kimya kama mtu anayepimwa presha. Ambwene anapiga, sakafu inapeleka. Matairi ya Baba yalikuwa yanakuletea ngoma nyayoni.

Ukaanza kupiga paja. Kisha ukasema kwa sauti kubwa, maana hujui tena sauti yako inafika wapi, "Ambwene, unachelewa."

Ambwene akaacha. Unajua alisema nini? Alisema, "Huyu mzee hasikii hata honi ya lori, kosa langu kalisikia." Kisha akaangua kicheko, akaanza upya, na akapiga vizuri kuliko nilivyomsikia tangu tuko vijana. Irene alikuwa analia na kuimba. Mimi nilikuwa nalia tu. Wewe ulifumba macho na vidole vya mkono wako wa kulia vilikuwa vinabonyeza vitufe vya tarumbeta hewani.

Sebastian akafika saa tano na wakili na kidau cha wino wa muhuri, anatabasamu, anaomba radhi kama amefika mapema. Maskini alisema, "Nilifikiri mgeni anatoka Zambia, saa nne aliyoandika ni ya kwao. Nikasema nisimharakishe mzee." Wewe ulivuta saa yako mbele ili umheshimu yeye, yeye akarudisha ya kwake nyuma ili akuheshimu wewe. Watu wa mpakani tutakufa kwa adabu. Angekuja bila heshima ungekuwa umeshasaini na umo kwenye basi.

Ulimuuliza, "Hii sakafu utaifanya nini?" Alikujibu kwa urefu, kaka, alikuwa na mipango, alitaja na mifereji. Uliona midomo tu. Ukanigeukia mimi. Nikapitisha kiganja hewani, taratibu, kama fundi anayelainisha zege.

Ukasema, "Siuzi." Kisha ukasema, "Kiatu changu kiko wapi?"

Hayo ndiyo maneno uliyoniachia. Kiatu tulikipata, basi ukapanda, kwaheri ukanipungia kupitia dirishani. Sebastian alikasirika, kisha akauliza kama ukumbi uko wazi Desemba, binti yake naye anaolewa. Nimemwandikia risiti.

Paa bado linavuja. Yule kijana wa miwani amerudi, anataka kamba yake. Nimemwambia aje Jumamosi bila kamba, avae viatu vyepesi, na kabla ya kuandika chochote acheze nyimbo mbili. Amesema atafikiria.

Niandikie kaka. Safari hii uniandikie ukweli, na Clement hatakula mpaka niusome.

Mdogo wako anayekupenda na bado amekasirika,
Ikupa

*

Ndola,
Agosti 18, 2024

Mdogo wangu Ikupa,

Marahaba. Tunakusalimu sote. Magoti ya Felista yana nafuu. Amesoma barua yako kabla yangu, akalia, akaniambia kwa mikono kwamba mimi ni mjinga. Nimeielewa ile ishara bila shida.

Mwache Clement ale.

Sikio la kulia liliondoka kwanza. Nikadhani ni mafua. La kushoto likafuata polepole, kama mtu anayeaga nyumba nzima. Nilikuwa napiga tarumbeta na nikaona wenzangu wananitazama, nikajua nimetoka nje ya wimbo na mimi sijui. Hakuna aibu nyingine kama ile, Ikupa. Nikawaambia watu nimeokoka. Nilikuwa nimeokoka kweli, ila sikuliacha kwa sababu hiyo. Kanisani hakuna anayeuliza zaidi ukisema hivyo.

Ukumbi sikutaka kuuuza kwa ajili ya paa. Niliogopa. Niliogopa siku moja utaniita harusini, nikae kwenye kiti cha mbele, niwaone watu wanaruka na midomo inaimba, na kwangu ni kimya kama kaburini kwa Baba. Nikasema bora uwe ghala, ghala hakuna anayelionea wivu. Nilikuwa tayari kukuondolea wewe kitu unachokipenda ili mimi nisikione. Ndivyo nilivyokuwa, na ninasema hivyo waziwazi.

Kisha viatu vikanibana.

Siwezi kukueleza vizuri. Ngoma ilipanda kwenye kisigino, gitaa sikulipata kabisa, besi ilikaa hapa chini ya goti. Wimbo ulikuwa na mashimo mengi, na mashimo yale nikayajaza mwenyewe kwa kukumbuka. Irene kumbe alikuwa sikioni pangu, mwambie samahani. Mwambie na mimi nimemwona, amenenepa vilevile.

Tangu nirudi nasimama karibu na ngoma ya kwaya nikiwa miguu mitupu. Sakafu ya hapa ni saruji, inaleta kidogo sana, lakini si haba. Mchungaji anadhani ni heshima, anawatolea watu mfano wa Musa na kichaka cha moto. Sijamsahihisha.

Ulipo ubao wa nne kutoka jukwaani, upande wa saa, pameshuka. Nilipasikia kwa mguu. Tairi la chini limekufa. Ambwene afungue, ila taratibu, mninga ule haupatikani tena. Clement anakuletea matairi manne yaliyotumika kiasi, na mpakani wakimuuliza aseme ni vyombo vya muziki. Mabati ya paa tutasaidiana mimi na wewe. Saa ya Baba usiiguse.

Desemba nakuja na Felista, harusi ya binti wa Sebastian. Tarumbeta nilikuta umelifuta vumbi, sikukushukuru. Sitalipiga mbele za watu, ila lishushe.

Na nikifika, usihangaike kunipigia kelele mlangoni, nitakuwa sisikii. Nitakuwa nimevua viatu. Wewe piga mguu sakafuni mara moja tu, nitajua umesema shikamoo, na nitaitikia.

Kaka yako,
Lwitiko